Baba Ametangulia

Kindu, 11 Mei 2002

Yaya Kazadi,

Salamu kwako, kaka yangu: moyo wako, moyo wa mke wako Mbombo na watoto. Sisi tungali hai. Ninaandika upesi, maana sista anayepanda ndege ya misaada anangoja mlangoni na karatasi ni hii moja tu.

Mji umefungwa. Wenye bunduki wa mjini wanatuzuia kutoka, wenye bunduki wa porini wanatuzuia kwenda shamba, na treni hatujaisikia kulia tangu zamani. Chumvi tunaramba kwa ncha ya kidole. Sombe, majani yetu ya muhogo, tunakula bila mafuta, hapa Kindu, mji wa mawese! Jirani yetu Halima alifiwa na mukwe wake, tukaenda kumpa pole mikono mitupu, naye akatushukuru kama tulileta gunia la mchele.

Habari kubwa ni hii. Kuna mutumishi mumoja anaitwa Mardochée, anahubiri karibu na gare, pale kituo cha treni. Anasema vita hii si ya watu, njo zile siku za mwisho zenyewe, na kama ilivyoandikwa, kabla ya siku ile kubwa lazima Eliya aje kwanza kutengeneza njia. Watu wengi wanamufuata, na mimi pia. Juma lililopita alitutoa mjini kwa siri, tukavuka mto Lualaba, tukashika barabara ya Kailo, ili Mungu atufiche jangwani. Baba alikwenda nasi. Sisi tulirudi. Baba ametangulia.

Usiwe na wasiwasi juu yetu.

Mdogo wako,
Mbelu


Lubumbashi, 30 Agosti 2002

Mbelu, mdogo wangu,

Barua yako imefika imekunjwa hata maneno mengine yamefutika kwenye mikunjo, lakini nimeisoma yote. Hapa tuko salama. Mbombo amejifungua msichana, ana mapafu ya mashinisti wa treni, anapiga kelele mpaka majirani wa barabara ya pili wanalalamika. Kazi atelie, pale karakana, inaendelea, mshahara hauendelei.

Sasa baba. Nimefurahi kusikia ametangulia Kailo, ni mtu anayejua kujipanga, na marafiki huko hawakosi. Lakini amelala kwa nani? Ana viatu? Mzee wa umri wake haachwi msituni peke yake, nyinyi wote mrudi mjini yeye abaki mbele. Mliachana vipi?

Mbombo amesoma mstari huo akashika kichwa. Ananiambia kutangulia kuna maana mbili, na mtu akiandika hivyo bila kusema mahali, huenda ni ile ya pili, ile tunayosema makaburini. Nilimwambia anyamaze, asimwite mzee wangu marehemu bure. Nitumie neno kwa mkono wa sista huyo huyo. Neno moja tu linanitosha.

Kaka yako,
Kazadi


Kindu, 2 Desemba 2002

Yaya,

Hongera ya mutoto, Mungu amukuze.

Mbombo amesoma vizuri. Muweke matanga huko kwenu. Hapa hatukuweka. Usiniulize mengine, nakuomba kama dada.

Mbelu


Lubumbashi, 9 Februari 2025

Mbelu, mdogo wangu,

Salamu kutoka kwetu. Mbombo anasumbuliwa na goti, lakini mdomo wake mzima. Yule msichana aliyezaliwa wakati wa vita sasa ananyonyesha wa kwake. Mimi nimestaafu, nimeota kitambi na hasira.

Nimekupigia simu tangu Noeli. Mashine inaniambia hupatikani. Nikasema basi, dada yangu amekufa na hakuna aliyenijulisha. Kumbe wapi! Onema, yule kontroleri wa treni, amefika hapa kwangu, amekunywa chai, ameniambia simu yako imelala chini ya Lualaba pamoja na simu za wenzako wote, kwa sababu nabii wenu amegundua kwamba namba ya simu ndiyo alama ya mnyama. Hongera sana. Samaki wa Kindu sasa wanaweza kupigiana. Ndiyo maana ninashika kalamu kama wakati ule mji umefungwa, na barua itakuja na Onema, kama treni haitalala njiani.

Na nabii mwenyewe ni nani? Mardochée! Yule yule wa karibu na gare! Vita ilipokwisha alipotelea Kinshasa, nikadhani tumepona. Leo amerudi, anasema Eliya alikuja mara ya kwanza, akaja mara ya pili ndani ya Yohana, na mara ya tatu ndiyo yeye, Mtangulizi Mkuu, mbele ya siku ya kutisha. Na kwa sababu Yohana alivaa manyoya ya ngamia na Kindu ngamia hakuna, amejivika ngozi ya mbuzi ambayo hata haikukaushwa sawasawa. Onema anasema ukikaa kanisani unajua nabii anakaribia kwa sababu inzi wanaingia kwanza. Inzi njo watangulizi wake!

Jambo lingine Onema alilisema, nikamwambia arudie, akarudia, nikasukuma chai yangu kando. Kwamba huyo mtu anatafuna nzige na asali mbele ya watu, halafu anatoa kile kilichotafunwa kwa vidole vyake na kuwawekea watu ulimini. Eti chakula cha jangwani. Mbelu! Na wewe ulifungua mdomo? Usinijibu. Ukinijibu ndiyo, nitatapika juu ya karatasi.

Ninajua kusoma, hata kama sikusoma sana. Yohana walimtumia watu kumwuliza, wewe ndiwe Eliya? Akajibu: siye. Basi. Mtangulizi wa kweli aliulizwa akasema siye. Huyu wako hakuna aliyemwuliza, na bado anajibu.

Mwisho, Onema ananiambia Emerance ameitwa mtangulizi, atapelekwa msituni Pangi. Binti wa miaka kumi na saba, wa pekee uliyeachiwa na marehemu mume wako. Hilo sijalielewa. Nieleze polepole.

Kaka yako,
Kazadi


Kindu, 17 Machi 2025

Yaya Kazadi,

Moyo wako. Pole kwa Mbombo, apake goti mafuta ya mawese ya moto na chumvi. Hapa mvua ni nyingi, Lualaba imepanda, watu wa mitumbwi wanapandisha bei na midomo. Mimi ningali sokoni na sombe yangu. Halima anakusalimia, anauliza kama bado unakula kama watu wawili.

Nimesoma barua yako, nikakuona unacheka. Cheka. Uko mbali. Hapa wakimbizi wa Kivu wanafika na magodoro kichwani, vita imerudi, mutoto wa jana anashika bunduki. Muntu akisema njo siku za mwisho, mimi sioni la kucheka.

Umeniandikia Yohana alisema siye. Kweli alisema. Lakini umeruka mahali ambapo Bwana mwenyewe alisema juu yake: mukitaka kukubali, huyu njo Eliya. Sasa nani alisema kweli, Bwana au Yohana? Wote wawili. Njo maana yake, muntu anaweza kuwa mutangulizi naye mwenyewe hajijui. Hilo sikufundishwa na Mutumishi. Nimelifikiria mwenyewe miaka mingi, nikiosha vyombo, nikipepeta mchele. Unajua ninamufikiria nani.

Halima naye amenikosea. Aliniambia: sisi tunamungoja Isa mwana wa Mariamu ashuke, lakini hakuna shehe aliyenitafunia nzige. Nilikasirika, nikakaa siku kadhaa bila kwenda kwake kuomba moto. Halafu makaa yangu yakazimika, nikaenda, akanipa, akaniongezea na makaa mapya. Hilo liliniudhi zaidi.

Kuhusu Emerance. Vijana wameitwa, wavulana kwa wasichana, jina lao Watangulizi. Watakwenda Pangi, walipo wenzao wa mwaka jana, kufyeka msitu na kujenga kambi, na kanisa lote litawafuata kabla ya siku ile. Emerance aliitwa wa kwanza, sababu ya babu yake. Mutumishi alimushika kichwa mbele ya watu wote akasema: damu ya mutangulizi iko ndani ya mutoto huyu. Nililia, yaya. Nililia kwa furaha. Wataondoka mwisho wa Julai.

Unataka nimuite muongo. Sawa. Kama Mardochée ni muongo, niambie wewe: baba alikuwa nini siku ile?

Mdogo wako,
Mbelu


Lubumbashi, 20 Aprili 2025

Mbelu, mdogo wangu,

Tunawasalimu. Goti la Mbombo limepata nafuu, amesema wewe ni daktari na mimi ni kelele tu. Mjukuu ameota jino.

Nimekaa na swali lako tangu Onema alipoondoka. Umenibana kwenye Yohana, nakubali, mahali pale nilikuwa nimeparuka. Lakini na wewe umeruka. Nabii aliyeandika kwamba Eliya atakuja alitoa na alama ya kumjua: atageuza mioyo ya baba kwa watoto wao, na mioyo ya watoto kwa baba zao. Hiyo ndiyo kazi yake, hakuna kazi nyingine iliyoandikwa pale. Si ngozi, si nzige. Sasa huyu anageuza nini? Anamtoa mtoto kwa mama, na mama anashangilia. Na Yohana alisema yeye apungue ili mwingine azidi. Wako amepungua wapi? Onema anasema gari lake, lile jipu, linainama upande anaokaa. Amechapisha uso wake kwenye vitenge, na wamama wanaukalia kanisani kutwa nzima. Huo uso umepata mahali pake, kusema kweli.

Sasa nikuambie kitu ambacho wewe huwezi kujua, kwa sababu ulikuwa hujazaliwa. Wakati wa uasi wa zamani, baba akiwa kijana, msaidizi wa mashinisti, waasi walitega mabomu kwenye reli. Treni ilipotoka Kindu, mashine, kichwa cha treni, ilisukuma mbele yake wago moja, behewa tambarare lililojaa mchanga. Bomu likilipuka, lilipukie mchanga. Wago ile ilikuwa na jina pale gare. Waliiita mtangulizi. Baba alikuwa akituambia sisi wakubwa: mtangulizi amevunjika leo, lakini mashine imefika.

Ndiyo maana neno hilo likitoka kinywani mwa Mardochée ninaiona wago ile. Miaka yote nimejiambia baba alipigwa risasi kama wengine wengi, vita ni vita. Lakini wewe ulisema kanisa zima lilikwenda, na kanisa zima likarudi, na yeye tu akatangulia. Barabara gani hiyo inayochagua mtu mmoja?

Baba alikufaje, Mbelu?

Kazadi


Kindu, 1 Juni 2025

Yaya,

Moyo wenu. Tuko wazima.

Nilikuomba usiniulize. Baba alikufa na heshima, hiyo ikutoshe. Emerance anafunga kula kujitayarisha, amekonda, anang'aa uso. Usiandike tena juu ya Mutumishi, nisije nikachoma barua bila kufungua.

Mbelu


Lubumbashi, 28 Juni 2025

Mbelu,

Salamu. Huku ni baridi na vumbi.

Ningekuja mwenyewe. Treni imeanguka njia ya huko na ndege haikubali mfuko wangu; barua hii Onema ataitafutia mkono mwingine. Kwa hiyo sikia maneno yangu kama nimekaa mbele yako kwenye kiti. Mimi ni mjomba wa Emerance. Bila mimi huyo mtoto haolewi, na bila mimi haendi Pangi. Nimesema hapana.

Onema alikutana na mvulana mmoja aliyetoroka kambi hiyo, kikundi cha kwanza cha mwaka jana. Hakuna kanisa linalojengwa kule. Kuna shimo. Watangulizi wanasimama ndani ya maji ya matope mpaka kiunoni wakichimba mawe ya madini, na magunia yanashuka kwa mnunuzi wa nabii. Wasichana wanapika, na wengine, Onema hakumaliza sentensi, nami sikumlazimisha. Mvulana huyo ana vidonda miguuni vinavyonuka. Hata mdomo wangu unakataa jina la mtu huyo sasa, nikilitamka natema mate. Wanachukua neno la Mungu, wanalitafuna, wanakutemea, na wewe unasema tamu!

Sitakuuliza tena baba alikufaje. Weka hilo. Nakuuliza kitu kidogo tu, na ukitaka unijibu, ukitaka ujijibu mwenyewe. Siku ile, kwenye barabara ya Kailo, Mardochée alitembea wapi? Mbele, katikati, au nyuma?

Kaka yako,
Kazadi


Kindu, 10 Agosti 2025

Yaya Kazadi,

Moyo wako, moyo wa Mbombo. Emerance yuko hapa nyumbani. Ninaanza na hilo ili usome bila kushika roho.

Nyuma. Alitembea nyuma.

Barua yako ilinikuta sokoni. Niliisoma nimesimama, muteja ananyoosha mkono anataka sombe yake, nami namutazama tu. Miaka yote hii nimeuliza kwa nini baba, kwa nini njia ile, Mungu alitaka nini. Hata siku moja sikuuliza Mardochée alisimama wapi. Na nilikuwepo! Nilimuona kwa macho haya!

Sasa nitakuandikia. Siku ile hakumuita baba. Aliniita mimi. Tulikuwa tumevuka, tuko Alunguli, ng'ambo ya mto, watu wameketi juu ya mizigo. Akasema Mungu amemuonyesha mwanamuke mwenye sauti, atembee mbele peke yake akiimba, na kanisa limufuate kwa mbali. Wimbo ukisikika, njia ni safi. Wimbo ukikatika, kanisa lisimame. Mimi nilikubali, yaya, niliona ni heshima. Baba akasimama, akamuuliza: na wewe, Mutumishi, utakuwa wapi? Akajibu: muchungaji hukaa nyuma, asipotee hata kondoo mumoja. Baba akacheka kile kicheko chake cha puani. Akaniambia: Mbelu, kaa chini, kazi hiyo mimi ninaijua tangu ujana. Nilidhani anasema habari ya kuimba. Mpaka uliponiandikia juu ya ile wago ya muchanga, nilidhani anasema kuimba.

Aliimba wimbo wa mama, ule wa Kiluba wa kumuita muntu arudi toka shamba. Tukamufuata. Barabara ikapinda, hatukumuona tena, tulimusikia tu. Halafu bunduki. Halafu hakuna kitu. Na watu wakasimama, kama walivyoambiwa, walisimama vizuri kama askari. Nilitaka kukimbia mbele, wakanishika mikono. Mardochée akapaza sauti: musitazame, mumukumbuke muke wa Loti! Tukageuka. Na wakati wa kurudi, yeye njo alikuwa wa kwanza, tulimufikia kwenye mitumbwi. Mjini alisimama juu ya meza akasema: muzee ametutangulia, njo sababu tuko hai, na mutangulizi haliliwi. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Hatukurudi kumuokota. Sijui kama kuna muntu aliyemufunika hata na majani. Hilo njo nilikataa kukuandikia, kwa sababu kama Mardochée si kitu, basi tulimuacha baba barabarani kwa kitu gani?

Siku ya safari nilikwenda mtoni na Emerance. Kamioni ya kuwabeba vijana ilikuwa ng'ambo, mitumbwi inangoja. Nilikuwa bado sijaamua, nisikudanganye. Mutumishi akafika na ngozi yake, akafungua kopo, akatafuna. Akaja kwa mutoto wangu. Emerance akafumba macho akafungua mdomo kama kifaranga. Nikaona ile rojo ya kahawia kwenye vidole, na miguu ya nzige imechomoza ndani yake, na ute unavutika toka mdomo wake mpaka mkononi. Yaya, mimi nilikula hicho kitu. Nimekula mara nyingi, nikasema asante.

Nikamvuta mutoto. Nikasema: Mutumishi, safari hii tangulia wewe.

Watu wakacheka, walidhani ni ushuhuda. Nikarudia. Akanitazama na upole wake, akasema: mama Mbelu, kila muntu na mwito wake, muchungaji hukaa nyuma, asipotee hata kondoo mumoja. Maneno yale yale! Hata hakujisumbua kuyabadilisha! Nikamwambia: basi wewe si mutangulizi, mutangulizi hutangulia. Panda mtumbwi, vuka, tembea mpaka Pangi, uimbe. Sisi tutasikiliza toka hapa. Kwa muda kidogo watu wote walimutazama miguu yake, yaya, kuona kama itasogea. Haikusogea. Halafu akasema nina pepo, na wanaume wakanibeba. Nilikuwa nimemushika Emerance nywele. Ndiyo, nywele, alipiga kelele mtoni pale kama ninamuua. Sikumuachia. Tuliburutwa pamoja mpaka barabarani, na huko wakatutupa.

Wengine walivuka. Watoto wa watu, yaya. Mama zao waliwaimbia mpaka mitumbwi ikafika ng'ambo, na yeye akabaki upande huu, akapanguza vidole kwenye ngozi, akaingia ndani ya jipu, akarudi mjini kula. Nimekwenda kwa mama hao, nyumba kwa nyumba. Mumoja alilia na mimi, bwana yake ameondoka jana kumufuata mutoto. Wengine walinifungia mlango, na mwingine alinimwagia maji ya kuoshea samaki. Ninawajua. Mimi nilikuwa wao.

Emerance nilimusimulia habari ya babu yake tangu mwanzo, akaondoka katikati, akaenda kukaa nyuma ya nyumba; nikaimalizia dirishani mpaka mwisho. Anachukia kuniona. Anichukie, lakini anakula.

Njoo, yaya, treni ikipona. Njoo tumulie baba hapa kwake. Usiponikuta na sauti usishangae.

Jana nimetandika mikeka mbele ya nyumba, nikavua kitambaa cha kichwa, nikaketi chini. Halima aliniona toka kwake, akaja na sufuria yake kubwa bila kuulizwa, akakaa, akaanza kulia kabla yangu. Basi ikanitoka, yaya, yote ya miaka ile. Watu wanaopita wanasimama, wanavua kofia, wanauliza nani amefariki. Mimi ninaendelea kulia. Emerance alitoka nyuma ya nyumba, akakaa ukingoni mwa mkeka, hanitazami. Yeye njo anawajibu. Anasema: babu yangu. Wanamwambia: pole, mwanetu, na muzee ametangulia lini? Anawaambia: hakutangulia. Walimuweka mbele.

Mdogo wako,
Mbelu